Ndoo ya Wageni

Wa kwanza kuja na mifuko walifika ng'ombe akiwa bado anapumua.

Notburga aliwaona kupitia upenyo wa mabanzi ya banda. Alikuwepo muuza mchicha wa njia panda, alikuwepo fundi baiskeli, na mzee mmoja mstaafu ambaye habari za matatizo ya watu pale Lizaboni humfikia kabla hata mwenye tatizo hajashtuka. Kila mmoja ana mfuko wake wa rambo. Wengine wameukunja wakautia mfukoni ili waonekane wamekuja kutoa pole, lakini mishikio inachungulia nje. Walisimama kwenye uzio wa matete wakiulizana hali kwa sauti ya msibani, na kwa sauti hiyo hiyo ya msibani kuna aliyeuliza kama utumbo utapimwa pamoja na nyama au utauzwa mbali.

"Hilda," Notburga alimwita binti yake, "kawaambie hapa siyo bucha."

Hilda akaenda, akarudi. "Wanasema hawana haraka, mau."

Ng'ombe aliitwa Sista. Jina alipewa kwa sababu ya rangi, mweusi mwili mzima na kitambaa cheupe usoni, na Padri alipouliza imekuwaje ng'ombe akapata jina lile, Rupert, mume wa Notburga, alijibu kwamba ni kwa heshima. Sasa heshima yote ilikuwa imelala kwenye mavi. Tangu alfajiri Sista hakuinuka. Shingo ameipinda mpaka pua imegusa ubavu, macho yako wazi lakini nzi akitua hapepesi, na masikio yake ukiyashika ni baridi kama jiwe la mtoni. Nyuma ya banda ndama wake, jike, aliyezaliwa juzi, alikuwa analia akiwa amefungwa kamba.

Yule ndama ndiye aliyekuwa kila kitu. Kikundi cha wafugaji kinakukopesha mtamba mwenye mimba, akizaa jike unamlea mpaka aachishwe, unampeleka nyumba inayofuata, na kuanzia hapo mama mtu ni wako moja kwa moja. Notburga alikuwa amekata majani ya huyu ng'ombe mvua na jua, kichwa kimeota upara katikati kwa ajili ya mzigo, na majirani walikuwa wanamtania kwamba akifa atazikwa na mundu. Lakini kanuni za kikundi zilikuwa na mkia: ng'ombe akiharibika kwa uzembe wa mfugaji, ng'ombe na ndama wote wanaondoka. Nani anaamua uzembe ni upi? Kamati. Kamati ni nani? Ni Mwenyekiti Otto na watu wanaomwitikia Mwenyekiti Otto.

Abuu mchinjaji alikuwa amekaa kwenye kinu kilichoangushwa, kisu kimeviringishwa kwenye gunia miguuni mwake. Alikuwa mtu wa Tunduru, jirani wa ukuta kwa ukuta, na ndiye pekee aliyeitwa. Rupert alimwita kabla hajakimbia Majengo kumtafuta bwana mifugo.

"Mama Hilda, mimi sikukimbizi," Abuu alisema. "Ila akikata roho mwenyewe ni kibudu. Mimi sigusi, na hawa unaowaona nje nusu yao hawali. Utaishia kuchimba shimo. Nikichinja sasa hivi akiwa na uhai, angalau mtapata pa kuanzia."

"Pa kuanzia nini, Baba Ashura?"

Abuu akakisogeza kisu kwa mguu, kikaingia chini ya kinu ambako hakionekani.

*

Ugonjwa wenyewe ulianza jana yake, Jumapili, kwenye vigelegele.

Desturi ya pale, ng'ombe akizaa, ni kuchemsha dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, na kumpelekea jirani kikombe. Kikombe kimoja, ambacho jirani analamba, anasifu, anakirudisha na chumvi kidogo ndani. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi mpaka wafadhili walipokuja. Wafadhili walipokuja, Mwenyekiti Otto aliona kikombe hakionekani vizuri kwenye picha. Akakigeuza kuwa ndoo. Ng'ombe wa kikundi akizaa, ndoo ya kwanza ikamuliwe mbele ya kamati na wageni, ijae, ipigwe picha, ndipo majirani wagawiwe. Mwenyewe aliiita "mila yetu," na mgeni wa mradi, mama mmoja Mzungu mwenye kofia ya kitani, aliiandika kwenye kijitabu kama mila ya Wangoni tangu enzi za mababu. Mababu wenyewe wangejua wangecheka mpaka waombe maji.

Basi Jumapili baada ya misa ya pili walikuja. Uwanja ulijaa. Notburga alivaa kitenge cha Pasaka, akakaa kwenye kigoda, akakamua. Maziwa yalipofika nusu ya ndoo akasimama, akafuta mikono.

"Inatosha," alisema. "Yanayobaki ni ya ndama, na ya ng'ombe mwenyewe. Siku za mwanzo hakamuliwi akakauka. Ndivyo tulivyofundishwa."

Aliyewafundisha ni Leonce, bwana mifugo, kwenye semina ya kikundi, kwa chaki na ubao, na alikuwa amesimama hapohapo. Mgeni akauliza amesema nini. Otto, aliyekuwa na Kiingereza cha seminari na anayependa kukionyesha, akatafsiri kwa kirefu. Mgeni akapiga makofi. Hadi leo hakuna anayejua Otto alisema nini, ila mtu huwa hapigiwi makofi kwa kusema inatosha.

Kisha Otto akamtazama Leonce, akaitazama nusu ya ndoo, akamtazama tena Leonce. Leonce akaenda kwenye pikipiki yake, akarudi na bomba la sindano.

"Ni homoni tu," alimwambia Notburga kwa chini. "Ya kushusha maziwa. Haina neno."

Akamchoma Sista shingoni. Haikuchukua muda. Chuchu zikavimba, maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kabla hayajashikwa, watu wakashangaa, Mwanaisha mke wa Abuu aliyekuwa ameshika mkia akapiga kigelegele, na Notburga akarudi kwenye kigoda. Alikamua mpaka ndoo ikafurika povu. Alikamua mpaka kiwele kikawa kama soksi. Nasi tusimtetee kupita kiasi: alifurahi. Picha ilipopigwa alikuwa ameinua ndoo kwa mikono miwili, meno yote nje. Tangu aolewe hakuwahi kupigiwa makofi na watu wengi vile.

Kila jirani aliondoka na dang'a yake. Muuza mchicha alirudia mara ya pili akisema ni ya mgonjwa.

*

Pikipiki ilisikika kabla ya kuonekana. Ina nafasi ya abiria mmoja, na nafasi hiyo alipewa Mwenyekiti Otto, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi, kofia mkononi. Rupert, ambaye ndiye aliyekwenda kuomba msaada, alikuwa nyuma yao kule barabarani anakimbia kwa miguu, vumbi lote la pikipiki likiingia kwake.

Zamani bwana mifugo alikuja kwa baiskeli ya serikali na dawa ya serikali, ukimpa mayai anashukuru. Siku hizi za soko huria serikali imebaki na ofisi, dawa zimehamia dukani, na duka ni la bwana mifugo yuleyule. Leonce hakuwa na ubaya wa kuzaliwa nao. Alipunguzwa kazini kwa barua ya mistari miwili, akafungua duka la dawa za mifugo Majengo kwa mkopo, na mteja wake mkubwa alikuwa ni mradi. Mradi ni Otto. Kwa hiyo Leonce alikuwa na mke nyumbani na mwingine anayeitwa Mwenyekiti, na wa pili ndiye aliyekuwa mkali.

Aliingia bandani, akashika sikio, akafunua kope, akaweka mkono tumboni. Hakuuliza swali hata moja. Notburga alimwona usoni kwamba ameshajua, na kwamba alijua tangu dukani. Akafungua sanduku, akatoa chupa ya kioo.

"Ni kalsiamu," alisema. "Imemwishia mwilini. Yote imetoka na maziwa. Moyo nao unaitegemea, kwa hiyo hatuna muda."

"Maziwa ya jana," Notburga alisema.

Leonce akamtazama Mwenyekiti. Na Mwenyekiti Otto, taratibu kama katekista anayekusanya vitabu vya nyimbo, akaichukua ile chupa mkononi mwake, akaishika yeye.

"Mama Hilda, kabla ya tiba kuna chanzo," alisema. "Mgeni anaondoka leo. Atapita hapa kuaga. Ataniuliza mimi ng'ombe kapatwa na nini. Sasa tuelewane. Jana nani alikamua?"

"Mimi."

"Kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

"Unaona."

"Na sindano je?"

"Sindano gani?" Otto aliuliza, na Leonce akainama akaanza kutafuta kitu ndani ya sanduku ambalo halikuwa limebaki na kitu.

Hapo Rupert akafika. Shati limelowa, viatu kashika mkononi kwa sababu soli moja ilikatikia njiani. Alikuwa karani wa ghala miaka mingi, mpaka ghala lilipofungwa wakaambiwa waende nyumbani wakajiajiri, na tangu siku ile alikuwa anasema ndiyo kwa mtu yeyote aliyevaa suti. Alimpita Otto akiinama kidogo, akamjia mkewe.

"Sema tu, Mama Hilda. Mimi kule dukani nimeshakubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba tulimkamua wenyewe. Baada ya wageni kuondoka. Kwa ajili ya tamaa ya dang'a." Alisema akitazama ukuta. "Hawakutaka kupanda pikipiki mpaka nikubali. Ningefanyaje? Ningembeba huyu bwana mgongoni?"

Notburga alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, siyo ya kupiga kelele, ile nyingine, inayokausha mate. Alitaka kumpiga mtu na hakujua aanze na nani. Mume wake alikuwa hana viatu. Bwana mifugo alikuwa amepiga magoti kwenye mavi bila kazi. Na yule mwenye chupa alikuwa anaigeuzageuza kwenye mwanga, anasoma maandishi yake kama mtu aliyekuja kununua.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Nani amesema ukatae? Hapa hakuna anayelazimishwa," Otto alisema. "Dawa ni ya mradi, inatibu ng'ombe wa mradi. Mfugaji akishirikiana na kamati, kamati inashirikiana na mfugaji. Ni utaratibu tu."

"Na nikishakubali uzembe, ng'ombe anakwenda kwa nani?"

"Hilo litaamuliwa na kikao."

Kutoka nje ya mabanzi Mwanaisha alisema, bila kumwambia mtu, kwamba zamu inayofuata anaijua, ni ya shemeji wa Mwenyekiti kule Majengo, na banda limeshapakwa chokaa. Otto hakugeuka. Alitazama saa.

Sista akatoa pumzi ndefu, halafu akakaa kimya muda mrefu kabla ya kuvuta nyingine. Abuu aliinuka kwenye kinu. Wenye mifuko nao wakasogea, wote pamoja, kama watu kwenye foleni anapotoka mmoja.

"Nitasema," alisema Notburga.

*

Otto hakutaka asemee bandani. Alimtoa nje, akamsimamisha mbele ya uzio, mahali palepale alipopigiwa picha jana yake. Akawaambia waliohudhuria kwamba mama huyu ana neno.

"Nilimkamua ng'ombe mpaka akakauka," Notburga alisema. "Mimi mwenyewe. Kwa tamaa."

"Wa nyuma hawajasikia," Otto alisema.

Wa nyuma walikuwa hatua chache tu, na walikuwa wamesikia. Fundi baiskeli alijifanya anakagua kucha zake. Muuza mchicha, yule wa mgonjwa, aliziba mdomo kwa kanga na kucheka kidogo. Hilda alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na Notburga alimwona binti yake anamtazama, kisha anaacha kumtazama.

Akarudia kwa sauti. Otto akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akasema huo ndio ukweli unaojenga kikundi, akampa Leonce chupa.

Leonce alibadilika mara tu alipoishika. Aliomba maji ya moto akaipasha, akatafuta mshipa wa shingo kwa vidole, akachoma, damu ikatoka matone, akaunganisha mpira. Hapakuwa na pa kutundika chupa. "Mama Hilda, ishike juu," alisema. "Usiishushe, na usiipandishe sana. Inaingia polepole. Ikiingia kwa haraka moyo unasimama."

Basi Notburga akainua chupa kwa mikono miwili, kama alivyoinua ndoo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Mikono ilianza kuuma. Hakuishusha. Alitazama mapovu madogo yakipanda ndani ya chupa, na Leonce ameweka sikio kwenye kifua cha ng'ombe, anasikiliza, ananyoosha kidole kumwambia ashushe kidogo, ananyoosha kingine kumwambia apandishe. Otto alikuwa anatembea huku na huko mlangoni. Akasema gari la mgeni lilishatoka parokia. Akauliza, dawa haiwezi kuongezwa kasi? Leonce, bila kuinua sikio, akamwambia hapana. Ilikuwa ndiyo hapana yake ya kwanza kwa Otto, na yeye mwenyewe kama vile hakuigundua.

Ng'ombe alianza kutetemeka. Ilianzia begani, ikaenda mpaka mapajani, ngozi inaruka kama ya farasi anayefukuza nzi. Kisha akabeua, mbeuo mrefu wenye harufu ya majani yaliyochacha, na Rupert akaanza kulia bila kujificha. Shingo ikanyooka. Pua, iliyokuwa kavu kama kigae, ikalowa. Dawa ilipoisha chupani Sista alikuwa amegeuza kichwa anawatazama mmoja mmoja, kwa ule mtazamo wa mtu aliyeamshwa usingizini na wageni.

"Imeisha?" Notburga aliuliza.

"Imeisha."

"Yote imeingia?"

"Yote."

"Haiwezi kutolewa tena?"

Leonce akacheka, maana yeye naye alikuwa amepumua. "Itolewe vipi, Mama Hilda? Imeshakuwa damu."

"Vizuri," alisema Notburga. Akamkabidhi chupa tupu, akanyoosha mikono mpaka ikalia kwenye viungo, akatoka nje, akasimama palepale kwenye uzio.

"Niliyosema mwanzo nayarudisha," aliwaambia wenye mifuko. "Nilisema kwa sababu dawa ilikuwa mkononi mwa mtu. Sasa iko ndani ya ng'ombe. Jana nilikamua nusu, nikasema inatosha, mlinisikia. Akachomwa sindano ili ndoo ijae ipigwe picha. Mliiona. Mwanaisha alishika mkia. Na ninyi wote mlikunywa. Wewe ulikunywa mara mbili. Leo mmekuja na mifuko kumla ng'ombe mwenyewe. Sasa nani aliona sindano? Aseme."

Wakanyamaza. Ndiyo, hata hapo walinyamaza. Yule mzee mstaafu aligundua ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Kila mtu pale alikuwa na mtoto au shangazi aliyeandikishwa kusubiri mtamba, na anayegawa mitamba alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, anawahesabu kwa macho.

"Mimi niliiona," Abuu alisema. Alikuwa ameshaweka gunia la kisu begani, tayari kuondoka. "Niliona sindano kwa macho yangu. Wallahi nilidhani ni sehemu ya mila."

Mmoja akacheka. Kicheko kikamtoroka mwingine.

"Mama Hilda," Otto alisema, sauti imeshuka, "neno limeshatoka mbele ya mashahidi. Kamati itakaa."

"Ikikaa nitakuwepo," Abuu alisema. "Nimeitwa kuchinja, sijachinja. Siku yangu iko wazi."

Ndani ya banda kukasikika kishindo. Sista alikuwa amesimama. Miguu ya nyuma ilipishana kidogo, akajiegemeza kwenye hori, akanya mavi mengi yenye afya, kisha akamwitikia ndama wake kwa sauti ya chini. Wenye mifuko walisukumana mlangoni kutazama. Muuza mchicha akasema Mungu mkubwa, na kwa namna alivyosema hukuweza kujua ni shukrani au ni kukosa maini.

*

Honi ililia kwenye kona ya kwenda Majengo. Otto akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Hesabu zake zilikuwa zimebadilika ghafla. Ng'ombe amesimama, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kueleza ugonjwa, wala uzembe, wala sindano. Hapakutokea kitu. Kilichobaki ni mgeni kuaga vizuri.

"Rupert," alisema, "lete ndoo. Haraka. Mama akae akamue, mgeni akute kazi inaendelea. Aone jana haikuwa bahati."

Rupert akaifuata ndoo, kwa kuwa ameagizwa. Leonce akaacha kukunja mpira wake. Akamsogelea Otto, akamwambia kitu sikioni.

"Sijakusikia," alisema Notburga.

Leonce akarudi nyuma hatua moja.

"Rudia, Bwana Mifugo. Wa nyuma hawajasikia."

Leonce alimtazama, akamtazama ng'ombe aliyekuwa anatokwa na damu kidogo shingoni pale alipomchoma. Alikuwa na chupa tupu mkononi. Huenda alikumbuka mkopo wake, huenda alikumbuka ubao na chaki, mwandishi hawezi kujua kila kitu.

"Nimesema asikamuliwe," alisema, kwa sauti ya kawaida ambayo ilifika mpaka uzio. "Akikamuliwa yote tena leo, ataanguka tena kama alivyoanguka kwa ile sindano ya jana. Na kalsiamu nyingine sina."

Watu wakamsikia. Wa mbele walimsikia, na wa nyuma. Fundi baiskeli alirudia taratibu, kama anayejifunza, kwa ile sindano ya jana. Otto alifungua mdomo kumkemea, lakini mlango wa gari ulikuwa tayari umefunguliwa.

Rupert alirudi na ndoo. Otto akanyoosha mkono aipokee. Rupert alikuwa bado hana viatu, na machozi yalikuwa yamechora njia kwenye vumbi la uso. Alipita pembeni mwa mkono ule, akampa ndoo mke wake.

Notburga akaigeuza, akaiweka mdomo chini katikati ya mlango wa banda, akaikalia.

Mgeni alikuja na kofia yake ya kitani, anatabasamu, anasalimia habari habari kwa watu ambao hawakuwa wanamtazama. Aliona mifuko ya rambo. Aliona mtu mwenye gunia la kisu begani, na ng'ombe mwenye damu shingoni, na chupa mikononi mwa Leonce, na mama wa jana, yule mwenye meno, ameketi juu ya ndoo. Akatoa kamera, akamwonyesha kwa kidole ishara ya kucheka.

Notburga hakucheka. Alikaa na mikono juu ya magoti, nyuma yake Sista akaanza kucheua.

Mgeni alishusha kamera. Akamgeukia Otto, akauliza swali, fupi. Otto akakohoa, akaanza kumtafsiria jibu kwa kirefu kama kawaida yake, akiwa amenyoosha mkono kuelekea kwa Notburga. Alikwenda sentensi mbili, tatu, kisha akaona mgeni anamtazama Notburga mdomoni, na Notburga alikuwa bado hajasema neno.